Ndama wa Bergère

Asubuhi ile ilianza kama asubuhi nyingine zote za baridi. Noëlie alijifunga kigoda kiunoni, kile cha mguu mmoja kinachomfuata mkamuaji kila aendako kama mkia, akachukua ndoo na kujiinamia ubavuni mwa ng'ombe wa kwanza, paji la uso likiwa limezama kwenye manyoya mekundu yenye joto. Nyuma yake, penye zizi dogo la ndama, baba yake alikuwa amesimama na mkono kwenye komeo.

Kazi hiyo haikuhitaji maneno mengi. Mzee Géraud aliita jina la ng'ombe, na ndama wa ng'ombe huyo, aliyefundishwa jina la mama yake tangu siku ya kuzaliwa, alijipenyeza kati ya wenzake akatoka mbio. Alinyonya mafunda machache mama akaachilia maziwa. Kisha Noëlie alimfunga ndama kwa kamba kwenye mguu wa mbele wa mama yake, akamnyunyizia chumvi mgongoni, na ng'ombe akabaki anamlamba mwanawe huku akikamuliwa. Ng'ombe wa milima ile hawakamuliki vinginevyo. Usipomletea mwanawe anabana maziwa, na unaweza kukaa hapo hadi magoti yakafa ganzi.

Walikuwa wamefika kwa ng'ombe aliyeitwa Comtesse. Noëlie alisogeza ndoo akasubiri.

"Bergère," baba yake aliita, kwa ule wimbo wake wa kurefusha mwisho wa jina. "Bergèèère."

Hakuna ndama aliyetikisika. Walisimama wote wakimtazama mzee, masikio mbele. Aliita tena. Noëlie aliinua uso kutoka ubavuni mwa Comtesse. Alimjua Bergère. Alikuwa ng'ombe wa kengele kubwa, aliyetangulia kundi zima kila lilipopanda mlimani, na radi ilimpiga akafa huko juu, Noëlie akiwa bado shule ya msingi. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyolia, na jinsi mama yake alivyompa kipande cha mkate chenye siagi ili anyamaze.

Mzee Géraud alichoka kuita. Alimshika sikio ndama aliyekuwa karibu, akamvuta hadi kwa Comtesse, akamsukuma chini ya kiwele. Ndama alikuwa na njaa, hakuuliza ziwa ni la nani. Comtesse alizungusha kichwa, akanusa mara moja, akarusha teke. Ndoo ikaruka. Maziwa ya ng'ombe wote waliotangulia yakamwagika kwenye mfereji wa mbolea, na Noëlie akaanguka humohumo, kigoda bado kiko kiunoni.

"Bergère ana nini leo?" baba yake aliuliza.

Noëlie alijiinua, akajifuta viganja kwenye aproni. Angeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa fupi. Lakini alipomtazama baba yake, mrefu, kofia imemkaa upande, macho yana wasiwasi wa mtu aliyesikia kitu kikivunjika chumba cha pili, hakuweza.

"Ameamka vibaya," alisema.

"Mama yake naye alikuwa hivyohivyo," mzee alisema, akaridhika.

Jioni yake Noëlie aliingia peke yake kwenye zizi la ndama, kiganja kimejaa chumvi. Alimtafuta ndama wa Comtesse, akapiga magoti kwenye majani makavu, akamlambisha huku akimwambia taratibu, Bergère, Bergère. Alifanya vile asubuhi na jioni kabla baba yake hajavaa viatu vyake vya mbao. Ndama hujifunza upesi anapokuwa na njaa. Wiki haikuisha, mzee Géraud aliposimama mlangoni na kuita Bergère, ndama mdogo mwekundu alichomoka mbio akaenda moja kwa moja kwa Comtesse, na Comtesse, ambaye hajali mwanawe anaitwaje, akaachilia maziwa.

Noëlie alijiona amefanya kitu kizuri. Alilala vizuri siku ile, kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Kwani baada ya Bergère alikuja Fauvette, aliyeuzwa kabla Noëlie hajazaliwa, na baada ya Fauvette wakaja Mascotte na Pariselle. Baba yake alikuwa anarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa ukuta, na kila alipokanyaga ngazi mpya alikuta ng'ombe wa zamani. Noëlie alimfuata nyuma na chumvi yake. Kufikia majira ya kuyeyuka theluji, zaidi ya nusu ya zizi ilikuwa na majina ya waliokufa. Ilimbidi abebe makundi mawili kichwani: kundi lililokuwa mbele yake linatafuna, na kundi la baba yake. Siku nyingine baba alirudiwa na kumbukumbu, kichwa safi kama hewa ya baada ya mvua, akamwita Comtesse kwa jina lake, na ndama akasimama hajui afanye nini. Hapo Noëlie alilazimika kukimbia kumtoa kwa mkono, akijidai anamfungua kamba. Kwa hiyo akaanza kuwafundisha baadhi ya ndama majina mawili.

Alichoka. Haukuwa uchovu wa mikono, huo aliuzoea. Ulikuwa uchovu wa mtu anayeshika mlango usifunguke.

Hakuwa mtu wa kusema mambo. Chuoni kule mjini Aurillac, alikosomea utengenezaji wa jibini, aliwahi kukaa muhula mzima kwenye chumba chenye dirisha lililovunjika kwa sababu aliona haya kumsumbua mlinzi. Mama yake alipofariki alirudi nyumbani kwa majira yale ya baridi tu, mpaka baba atakapopata mtu wa kumsaidia. Baba hakutafuta mtu. Noëlie hakuuliza. Mwaka ukapita, mwingine ukaingia, na watu wa kijijini wakaanza kusema ameingia kwenye nafasi ya mama yake vizuri sana, kama sahani inavyoingia kabatini.

Jumapili moja ya Aprili, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli vya kuta tu, shangazi Sidonie aliwaita kula. Shangazi Sidonie alikuwa dada mkubwa wa mzee Géraud. Maisha yake yote aliendesha mkahawa Paris, akarudi kijijini na magoti mabovu na ulimi mzima. Alikuwa amepika viazi vya kukaanga na jibini changa, vile vinavyovutika kama kamba kutoka kwenye sufuria hadi kwenye sahani. Alikuwa pia amemwalika Delpuech, jirani mwenye mashamba ya upande wa pili wa kijito, na Noëlie alipomwona amevaa shati la kola alijua kuna jambo.

Kwanza walizungumza habari za mkoa, kama kila mtu alivyofanya siku hizo. Serikali ilikuwa imeiunganisha Auvergne, mkoa wao, na mkoa wa jirani, na sasa mambo yao yote yangeamuliwa Lyon, mji mkuu wa majirani hao.

"Nimelala mtu wa Auvergne nimeamka jirani wa Lyon," Delpuech alisema. "Na mke wangu ananiambia sijatoka kitandani."

"Ni ndoa," alisema shangazi Sidonie. "Bibi harusi hakuulizwa, na mahari mimi sijaiona."

"Angalau wametuweka mbele kwenye jina la mkoa mpya," Delpuech alisema.

"Mbele anawekwa ng'ombe wa kengele," mzee Géraud alisema bila kuinua macho kwenye sahani. "Anapiga kelele, wa nyuma wanakula."

Walicheka. Siku ile kichwa chake kilikuwa safi. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Kwenye meza ya watu alikuwa mkali kama zamani, na Noëlie aliyekuwa amekaa pembeni yake alijiona kama mwongo hata alipokuwa hasemi kitu.

Delpuech aliweka uma chini. Alisema kundi lake la ng'ombe wa nyama limekua kuliko majani yake. Alisema, akichagua maneno, kwamba angependa kukodi mlima wa mzee Géraud, ule wa malisho ya majira ya joto, juu kabisa chini ya kilele cha volkeno, wenye kibanda cha mawe cha kutengenezea jibini. Ng'ombe wa mzee wangebaki bondeni, kila mmoja amnyonyeshe mwanawe. Hakuna kukamua. Hakuna mtu wa kulala kibandani tangu Mei hadi Oktoba. Aliomba kupata jibu kabla ya siku ya kupanda mlimani na ng'ombe, maana asipoupata mlima huo atalazimika kuuza wanyama.

Noëlie alishika ukingo wa kiti. Kwa muda mfupi aliona majira ya joto yasiyo na kitu ndani yake. Aliona dirisha, kitanda, saa inayolia na yeye haamki. Ilikuwa kama kupewa maji akiwa hajajua kwamba ana kiu.

"Mlima haukodishwi," mzee Géraud alisema.

Akaanza kueleza, kwa utulivu, jambo ambalo kila mtu pale mezani alilijua. Babu wa babu yake aliondoka bondeni humu kwa miguu, akiwa kijana, kwa sababu mlima ulikuwa wa mtu mwingine na majani yalikuwa ya mtu mwingine. Huko Paris alibeba maji, ndoo mbili begani, akipanda ngazi za watu hadi vyumba vya juu. Bomba lilipofika majumbani akabeba makaa. Kwenye duka la makaa mkewe akaweka meza mbili na kuuza divai. Hawakununua nguo, hawakununua kiti. Aliporudi kuzikwa ngozi yake ilikuwa bado ina weusi usiotoka kwa sabuni, lakini mlima ulikuwa wake. Ndiyo maana kila mtu wa ukoo huo, hata aliyezaliwa Paris, hata aliyekufa vitani mbali, aliambiwa akiwa mdogo kwamba ana mlima.

"Babu alibeba makaa ili watoto wake wasibebe kitu," shangazi Sidonie alisema. "Ona tulivyomwelewa."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu ulikimbia."

"Nilikimbia ndiyo. Na magoti niliyaacha njiani."

"Binti yangu hakukimbia," mzee Géraud alisema, akaweka mkono wake mpana juu ya mkono wa Noëlie. "Huyu anaupenda mlima kuliko mimi mwenyewe. Muulizeni."

Wote watatu walimtazama. Noëlie alitazama sahani. Maneno yalikuwepo, aliyahisi yamejipanga nyuma ya meno, yanasukumana. Shangazi Sidonie aliacha kutafuna.

"Viazi vimeshika kidogo chini," Noëlie alisema. "Nikaongeze maji kwenye sufuria?"

Walipotoka, Delpuech alimsubiri penye gari. Alimuuliza kwa sauti ya chini yeye mwenyewe anasemaje. Noëlie akajibu kwamba baba ameshasema. Delpuech akasema amemsikia baba, masikio yake ni mazima, amemuuliza yeye. Noëlie akasema atafikiri. Delpuech alimwangalia kwa huruma iliyomuudhi, akasema atangoja hadi mkesha wa siku ya kupanda, baada ya hapo atapiga simu kwa mnunuzi wa ng'ombe.

Alifikiri kweli. Alifikiri akikamua, akigeuza majibini kwenye rafu, akichota mbolea. Alifikiria kibanda cha mawe kisichofikiwa na gari, ambamo mtu huamka kabla ya mwanga, hukamua nje kwenye upepo, hubeba maziwa hadi kwenye pipa, huyagandisha, huyakata, huyabana kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, halafu jioni ng'ombe haohao wanarudi. Alifikiria ukungu. Majira ya joto yaliyopita baba alitoka kwenda kuwaleta ndama, ukungu ukashuka, na Noëlie akamkuta amekaa kwenye ukingo wa korongo, miguu inaning'inia, anatazama bonde lisilo lao. Baba alisema anapumzika. Noëlie alikaa naye pembeni kidogo, akashika koti lake kwa nyuma bila yeye kujua, kisha wakarudi. Hakumwambia mtu. Na wakati ule baba alikuwa bado anakumbuka majina yote.

Lakini pia alimfikiria akiwa bondeni majira yote, mlimani kuna kengele za ng'ombe wa mtu mwingine. Alimwona amesimama uani amegeuza kichwa kusikiliza. Hapo mawazo yake yote yalikwama, kila mara, mahali palepale, na akarudi kwenye kazi.

Mei ikaingia. Bustani zikachanua chini, na huko juu kijani kikaanza kupanda mlima taratibu kikifuata theluji. Siku moja kabla ya kupanda, shangazi Sidonie alikuja kusaidia kusugua kengele na kufua vitambaa vya jibini. Alikaa uani na beseni, analalamikia magoti, analalamikia sabuni. Jioni ilipofika alisogea hadi mlango wa zizi kuangalia wanavyokamua, kama alivyofanya alipokuwa msichana.

Mzee Géraud aliita Fauvette. Ndama akatoka mbio.

Noëlie alimsikia shangazi yake akicheka, cheko fupi la mtu anayedhani ni mzaha. Kisha mzee akaita Pariselle, na ndama mwingine akatoka. Akaita Bergère. Cheko likaisha. Noëlie hakugeuka. Aliendelea kukamua, masikio yanawaka moto, na maziwa yaligonga ndoo kwa sauti iliyozidi kuwa nzito kadiri ndoo ilivyojaa.

Shangazi alimngojea kwenye chumba cha jibini. Hakupaza sauti. Aliuliza ni tangu lini, na Noëlie akamwambia. Aliuliza nani mwingine anajua, na Noëlie akatikisa kichwa. Shangazi alikaa juu ya pipa lililopinduliwa, akatazama mikono yake iliyokunjamana kwa maji ya sabuni. Alisema Géraud alipokuwa mtoto aliwahi kumpiga mtu kwa sababu alimdanganya kuhusu umri wa farasi. Alisema hajui kama alichofanya Noëlie ni wema au ni ujinga, na kwamba kwa umri wake bado vinamchanganya.

"Ila nikwambie kitu, mwanangu. Kule juu hataanguka yeye. Utaanguka wewe."

"Basi wewe mwambie, shangazi. Wewe ni dada yake."

"Mimi?" Shangazi Sidonie aliinuka kwa kushika ukuta. "Mimi nikimwambia jua limechomoza anatafuta taa. Siwezi. Na Delpuech anangoja simu leo."

Alirudi uani. Noëlie alibaki kwenye harufu ya maziwa na chumvi, akisikia beseni likiburutwa. Walikuwa wamebakiza ng'ombe wachache. Alijifunga kigoda chake akaingia tena zizini.

Baba yake alikuwa amewasha redio ndogo iliyotundikwa kwenye msumari. Alionekana mwenye furaha. Siku ya kesho ilikuwa siku yake. Alishaweka tayari fimbo, koti la mvua, na kengele kubwa ilikuwa inang'aa mlangoni. Alimwita Mascotte, ndama akatoka, akaanza kunyonya kwa pupa akisukuma kiwele kwa kichwa, akarukaruka huku na huku.

"Odette," mzee Géraud alisema, "mfunge huyu, anacheza."

"Bee," Noëlie aliitika.

Alichukua kamba. Akamvuta ndama, akamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, akanyunyiza chumvi mgongoni. Aliketi. Aliweka ndoo katikati ya magoti. Mikono ilikuwa tayari kwenye chuchu alipojisikia mwenyewe alivyoitika. Hakusita hata kidogo. Aliitikia jina la mama yake upesi, kwa utii, kama ndama wa Comtesse anavyoitikia jina la ng'ombe aliyeuawa na radi.

Mikono yake ilikataa kufanya kazi. Maziwa yalikuwa yameshaachiliwa, yalichuruzika yenyewe kwenye majani.

"Mbona hukamui?" baba yake aliuliza.

"Mimi ni Noëlie, baba."

"Najua wewe ni Noëlie. Ungekuwa nani?"

"Umeniita Odette."

Mzee Géraud alinyoosha mkono akazima redio. Palikuwa na sauti ya kutafuna tu, na minyororo ikigonga mbao. Aliegemea mlango wa zizi la ndama na kufikiri, na Noëlie alimwona akifikiri, polepole, kama mtu anayepita kwenye chumba chake mwenyewe akigusa kila kitu kuhakikisha kipo.

"Bergère alipigwa na radi," alisema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Pale penye mwamba mweusi. Mimi mwenyewe nilimvua kengele." Alingoja. "Sasa huyu anayekuja nikimwita?"

Noëlie alimweleza. Alieleza vibaya, akirudia, akiruka mambo. Alisema kuhusu chumvi na kuhusu majina mawili. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na ndama wa Mascotte, ambaye si wa Mascotte, alivutavuta kamba akidai zamu yake. Baba yake aliuliza ni wangapi wamefundishwa, na yupi ni yupi. Noëlie alimwonyesha mmoja baada ya mwingine kwa kidole chenye povu la maziwa. Mzee aliwapitia kwa macho hadi mwisho wa zizi.

"Kwa nini usiniambie tu, nimekosea?"

"Sikutaka uone aibu."

"Aibu," mzee alisema, kana kwamba neno hilo nalo analitafuta lilipo. Alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, lakini haukuwa na hasira. Kisha akajiweka sawa, na Noëlie akauona uso huo ukijifunga tena kama mlango. "Sasa umeniambia. Vizuri. Kesho wewe utaita na mimi nitakamua. Mikono yangu haijasahau kitu. Tutaweza, kule juu. Ukungu ukishuka tutawafungia wote mapema."

"Barabara ya juu bado ina matope, baba."

"Ina matope kila mwaka."

"Na Delpuech alisema... labda majani mwaka huu, kwa jinsi baridi ilivyokaa..."

"Majani yana nini?"

"Hayana kitu. Nilikuwa nasema tu."

Alijiona anarudi nyuma, hatua kwa hatua, kama alivyorudi kwenye meza ya shangazi. Uani beseni lilikuwa limenyamaza. Baba yake alimwinamia kidogo, mikono magotini, kama alivyokuwa akimwinamia zamani alipotoka shule na jambo usoni.

"Sema vizuri, mwanangu. Unazungukazunguka kama mtu wa Lyon. Unaupenda mlima, sasa matope yanaingiaje?"

Noëlie alifungua mkanda wa kigoda. Kilianguka kwenye majani bila sauti. Alisimama, magoti yakimuuma, akajikuta yeye na baba yake wanalingana karibu kimo. Hakuwa amewahi kulitambua hilo.

"Sikurudi kwa ajili ya mlima, baba," alisema. "Nilirudi kwa ajili yako. Na nimechoka. Nimechoka sana. Mwaka huu sipandi, na sitaki na wewe upande."